Maswali yenu kuhusu ndege: Ikigoma kuinuka, unasimama au unakwenda?

Toleo lililopita tuliandika habari ya ile jeti binafsi aina ya Gulfstream G-IV iliyoshindwa kuruka kwenye uwanja wa Hanscom, mji wa Bedford, jimbo la Massachusetts kule Marekani, usiku wa tarehe 31 Mei 2014, watu wote 7 waliokuwemo wakafariki. Barua na meseji zimemiminika kweli kweli, nyingi kutoka hapa hapa Mwanza na viunga vyake, zingine Bukoba. Nimechukua zile zenye hoja, na zilizofanana nimejibu kwa pamoja.

Shikamoo Kapteni. Sisi ni marubani wa ndege ndogo, tunarusha kutoka hapa Mwanza. Tumebishana juzi mpaka watu wakatushangaa. Mwenzangu anasema kapteni wa Hanscom alikosea kufunga breki maana V1 ilishapita, na ukipita V1 ni kwenda tu. Mi nasema kosa lake ni kuchelewa. Nani yuko sahihi?
*Marubani wawili, Ilemela*

Marahaba wanangu. Mmebishania jambo la maana kabisa, na jibu lake ndo refu kuliko yote leo.

Kwa ambao si marubani: V1 ni spidi mnayoipigia hesabu kabla hamjaondoka, kwa kuangalia uzito wa ndege, urefu wa ranwei, joto na upepo wa siku hiyo. Maana yake kama kuna kusimama basi ukifika hapo hatua ya kwanza ya kusimama iwe imeshachukuliwa, sio ndo unaanza kufikiria. Ukishapita V1 hata injini moja ikifa unaendelea, unapaa na iliyobaki, unazunguka unarudi kutua. Tumefundishwa hivyo wote na ni sahihi.

Ila hiyo V1 yote imejengwa juu ya jambo moja, kwamba ndege ina uwezo wa kuruka, na ya Hanscom haikuwa nao. Gulfstream G-IV ina kufuli la upepo, leva iliyopo pale katikati ya marubani wawili karibu na leva za nguvu ya injini, kazi yake ni kubana vibapa vya mkiani na mbawani, vile vinavyoinua pua na kuigeuza ndege, ndege ikiwa imepaki ili upepo usivipige pige ukaviharibu. Inatakiwa ifunguliwe kabla ya kuwasha injini. Ukisahau ukawasha, haidroliki, yaani ule mfumo wa mafuta unaosukuma vibapa, inaingia presha na kufuli linaweza kugoma kutoka, kwa hiyo utaratibu ni uzime injini, ufungue, uwashe upya. Dakika chache tu, abiria atalalamika kidogo basi.

Wale hawakufungua, na wala hawakuzungusha usukani kujaribu kama vibapa vinacheza kabla ya kuingia ranwei. Mtengenezaji alikusudia kwamba kufuli likiwa limefungwa leva za nguvu zisisogee mbele zaidi ya nyuzi 6, yaani rubani ashindwe kabisa kupata nguvu za kuondokea ashtuke mapema, lakini uchunguzi ulikuja kuonyesha kwamba kwenye ndege ile zilikuwa zinasogea mbele zaidi sana ya hapo, kwa hiyo ndege ikaondoka mbio kama kawaida, ikakosa tu kufikia nguvu kamili. Katikati ya mbio kapteni akagundua, akasema kufuli limefungwa, akarudia, akarudia tena.

Hapo sasa ndo nataka msome polepole. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilipiga hesabu ikakuta kwamba tangu alipotamka mara ya kwanza kulikuwa na sekunde kama 11 za kuamua kusimama na ndege ikasimama ndani ya lami. Breki zikaja kufungwa baada ya sekunde kama 10, na nguvu ya injini ikapunguzwa sekunde 4 nyingine baadaye. Jumlisheni wenyewe. Muda wote huo walikuwa wanahangaika kulifungua, mpaka wakavuta vali ya kukata haidroliki, huku ndege inakimbia hadi noti 162, ambayo ni kama kilomita 300 kwa saa. Ikamaliza ranwei, ikakata majani, ikagonga taa na antena, ikavunja uzio, ikaishia kwenye bonde la mto Shawsheen na moto ukawaka.

Kwa hiyo we unayesema alichelewa, uko sahihi. Kwa ndege ambayo haiwezi kuruka, kusimama ndo uamuzi pekee uliopo, iwe kabla ya V1 au baada, maana hata ukisimama umechelewa utagonga uzio kwa spidi ndogo kuliko ambavyo ungeugonga bila kusimama. Na mwenzako naye sio kwamba hana hoja, kanuni yake ni ya kweli ila kaipeleka kwenye ndege isiyohusika. Swali la kwanza kabisa ni hili, ndege yangu itaruka au haitaruka? Ukilijibu hilo, la V1 linajijibu.

Angalieni Teterboro, jimbo la New Jersey, tarehe 2 Februari 2005. Jeti aina ya Challenger 600, marubani hawakupiga hesabu ya mzigo inavyotakiwa, uzito ukaegemea mbele kupita kiasi kinachoruhusiwa. Rubani anavuta usukani, pua haiinuki. Akakatisha akiwa kwenye spidi kubwa, ndege ikatoka ranwei, ikavunja uzio, ikavuka barabara kuu yenye magari, ikaingia ubavuni mwa ghala la nguo. Hakuna aliyekufa, na kusema kweli ukiziangalia zile picha unashangaa. Pale kufunga breki kulikuwa sawa kwa sababu pua haikuinuka. Kosa lilishafanyika kwenye karatasi ya uzito kabla hata injini hazijawashwa, sawa sawa na lile la Hanscom lilivyofanyika kwenye paking.

Nyie mnaorusha zile ndege ndogo za Caravan kufuli lenu mnalijua, kile chuma cha kuchomeka kwenye usukani chenye kibendera chekundu. Naombeni mkikitoa msiishie kukitupa mfukoni mwa kiti, zungusheni usukani mpaka mwisho, kushoto, kulia, mbele, nyuma, na macho yaangalie nje kwenye bawa kwamba kibapa kinakwenda upande unaotakiwa. Mkono peke yake haukuambii kitu, jicho ndo linakuambia.

Kapteni mi ni dereva wa fuso, nipo Igoma. Najua gari ikiwa na mzigo breki zinachelewa kushika, lakini jeti ndogo ile ina uzito gani mpaka ishindwe kusimama na ranwei ni ndefu vile?

Kaka, swali zuri kutoka kwa mtu anayejua breki. Shida kubwa hapo sio uzito, ni spidi. Nguvu ambayo breki zinatakiwa ziimeze inapanda kwa mraba wa spidi, ukitoka noti 80 ukaenda 160 umeongeza spidi mara mbili lakini breki zinabebeshwa mara nne. Yote hiyo inageuka joto ndani ya magurudumu. Rimu za ndege za jeti zina vizibo maalumu vinavyoyeyuka joto likizidi, tairi inatoa upepo taratibu badala ya kulipuka, na watu wa zimamoto wamefundishwa kulisogelea gurudumu lenye moto kwa mbele au kwa nyuma, kamwe sio ubavuni.

Na ranwei ya Hanscom ina futi kama 7,000, zaidi kidogo ya kilomita 2. Nyingi hiyo ilishaliwa na kuongeza spidi. Wewe unapofunga breki barabarani una barabara yote iliyobaki mbele yako, rubani ana kile kipande tu alichokibakiza.

Sasa niwaongezee la hapa kwetu maana wengi wameuliza. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wetu uko juu kidogo ya hapo. Hewa ni nyepesi. Joto likifika nyuzi 28 mchana, hewa ya Mwanza inakuwa na uzito kama asilimia 84 tu ya ile ya usawa wa bahari penye nyuzi 15, ambayo ndo kipimo cha kawaida cha vitabu vya ndege. Saa ya spidi ya rubani inapima msukumo wa hewa, haipimi ardhi, kwa hiyo yeye anasoma noti 120 kumbe magurudumu yanakimbia karibu 130. Hizo noti kumi unaweza kuziona ndogo lakini kwa ule mraba niliousema breki zinapokea karibu asilimia 20 ya ziada, na wakati huo huo injini nayo inavuta hewa nyepesi kwa hiyo inachelewa kufika spidi. Majedwali ya ndege yanalijua hilo na ukiyafuata uko salama. Ninayemwogopa mimi ni rubani anayetoka kwenye kiwanja cha pwani na namba zake kichwani, anafika hapa saa 8 mchana anasema ranwei ni ndefu, twende.

Nasomea ufundi wa ndege. Tairi ikipasuka kwenye mbio rubani afanyeje? Tuliambiwa aendelee, mbona inatisha?

Inatisha ndiyo, kishindo kinasikika mpaka kifuani na ndege inatikisika yote. Ila waliokufundisha wako sahihi, ukiwa umeshakaribia V1 au umeipita, tairi iliyopasuka haizuii mbawa kubeba, inazuia kusimama. Ndege itaruka lakini breki zako zimeshapungua, sasa kwa nini uchague kile kilichoharibika?

Tarehe 19 Septemba 2008, Columbia, jimbo la South Carolina, Learjet 60 ilikuwa na watu 6. Tairi zikapasuka kwenye mbio, kapteni akakatisha kuruka V1 ikiwa imeshapita. Vipande vya tairi vikaharibu sensa na nyaya kule chini, na sensa hizo ndo zinazoiambia ndege kama iko ardhini au angani. Ndege ikaamini iko angani, ikafunga vile vigeuza nguvu vya injini vinavyosaidia kusimama, na nguvu ikawa inasukuma mbele wakati rubani anaomba irudi nyuma. Hebu fikiria upo kwenye kile kiti. Ikatoka ranwei, ikavuka barabara, ikagonga tuta, moto. Wanne walikufa, wawili wakatoka na majeraha makubwa ya moto.

Na chanzo chake wewe fundi mtarajiwa ndo kinakuhusu. Tairi zilikuwa na upepo mdogo sana na hazikuwa zimepimwa kwa wiki kama 3. Tairi ya jeti ile inapoteza kama asilimia 2 ya upepo kila siku bila tobo lolote, na kwa macho huwezi kuona, inasimama vizuri inang'aa, imejaa. Yenye upepo mdogo ikikimbia inajikunja ubavuni, inachemka, inachanika kwa ndani. Geji ndo inayoona. Ukianza kazi usikubali mtu akwambie ameipiga teke na ni nzima.

Kapteni, hii habari ni sawa na ya Bukoba?
*Wengi mmeuliza*

Hapana. Ile ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege aina ya ATR 42 ilikuwa inakuja kutua Bukoba hali ya hewa ikiwa mbaya, ikaangukia ziwani kabla ya kufika kwenye ranwei. Watu 43, wakafariki 19, marubani wote wawili wakiwemo. Haikuwa kukatisha kuruka wala kupitiliza ranwei. Zinapokutana ni sehemu moja tu, uokoaji. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Miongozo ya kimataifa inataka uwanja uliopakana na maji mengi uwe na vifaa vya kuokolea majini, boti na watu waliofunzwa, na mimi hilo nitaendelea kulisema kila nikipata nafasi kwa viwanja vyote vya ziwa hili, vyetu, vya Kenya na vya Uganda, maana ndege inayopitiliza ranwei kando ya ziwa haitasimama kwenye majani.

Kapteni shikamoo, naomba usitaje jina. Mi ni rubani msaidizi, nimeanza kazi karibuni. Kapteni ninayeruka naye hapendi chekilisti. Nikianza kuisoma anasema "hiyo nishafanya", nikimkumbusha kucheki kontroli, yaani usukani na vibapa, ananiambia alikuwa anarusha kabla sijazaliwa. Namheshimu ni mtu mzima, naogopa na kibarua. Nifanyeje?

Marahaba binti yangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na ningependa kila rubani wa mkoa huu aisome.

Wale wa Hanscom hawakuwa wageni kwenye kazi. Walikuwa wazoefu, wameruka pamoja miaka mingi na wanaaminiana. Wachunguzi walipofungua kinasa cha ndege ile wakaangalia mbio 175 za kuruka zilizotangulia, wakakuta asilimia 98 hazikuwa na ukaguzi kamili wa kontroli. Yaani siku ile hawakusahau, siku ile walifanya kama walivyozoea, tofauti yake ni kwamba kufuli lilikuwa limefungwa. Na kinasa sauti hakikuwa na hata chekilisti moja iliyosomwa kwa sauti. Baadaye chama cha ndege za biashara cha Marekani kikakusanya rekodi za safari zaidi ya 143,000 za jeti kama hizo, karibu asilimia 18 hazikuwa na ukaguzi kamili. Kwa hiyo kapteni wako ana wenzake wengi sana, na wengi wao bado wako hai, ndo maana anaona hana tatizo.

Heshima iendelee. Shikamoo yake mpe, begi mpokee, ila kwenye kiti cha kulia wewe sio mtoto wa mtu, wewe ni rubani na jina lako lipo kwenye karatasi ya safari. Usimwambie umesahau, usimwulize kama amefanya, kwa sababu ukiuliza unampa nafasi ya kusema nishafanya. Sema sentensi fupi inayohusu ndege: "Kapteni, kontroli bado, tucheki." Akisema ameshacheki, jibu "sawa, na mimi nacheki upande wangu", halafu ushike usukani uzungushe. Ni zoezi la sekunde chache na hakuna kapteni atakayekupiga mkono mbele ya abiria. Kama bado mko nje ya ranwei na haijafanyika, usijibu mnara kwamba mko tayari. Redio mara nyingi iko kwako, na hiyo ni nafasi yako kubwa kuliko unavyodhani.

Mkishafika chini muombe mzungumze mkiwa wawili tu. Watu wazima wengi ukiwaendea faragha kwa adabu wanasikia, kinachowachoma ni kukosolewa mbele za watu. Akikataa kabisa, kampuni yenye leseni ya kubeba abiria inatakiwa iwe na mfumo wa usalama na njia ya kuripoti, andika. Kibarua najua kinauma, sisi wote tuna ada za watoto na wazazi kijijini, lakini wale marubani wawili wa Hanscom nao walikuwa na watu wanaowategemea.

Jambo lingine, kabla ya kuondoka semeni kwa sauti mtasimama kwa lipi. Mimi nilikuwa nasema hivi, na wewe chukua kama ilivyo: "Kabla ya noti 80 nasimama kwa chochote. Kati ya 80 na V1 nasimama kwa moto, injini kufa, au ndege isiyoweza kuruka. Baada ya V1 tunakwenda, labda ndege ikatae kabisa. Yeyote akiona atamke SIMAMA, mimi nafunga nguvu na breki, maswali baadaye." Hilo la mwisho ndo lililokosekana Hanscom. Kitu kikiharibika kwenye mbio hakirekebishwi kwenye mbio, nguvu zinarudi nyuma kwanza, na mkono usiende kwenye kufuli wala swichi wala vali yoyote mpaka ndege imesimama.

Kuna mtu aliniambia Ulaya na Marekani wanaweka simenti laini mwisho wa ranwei, ni kweli?
*Msomaji, Kirumba*

Ni kweli. Ni vitalu vya zege jepesi lililojaa matundu, au povu la kioo, ndege ikiingia magurudumu yanazama na kupasua vile vitalu na inasimama kwa umbali mfupi. Uwanja wa JFK kule New York uliweka mwaka 1996. Na Teterboro ile ile niliyoisimulia juu, baada ya ajali wakaweka, mwaka 2010 Gulfstream ikapitiliza ikanasa pale, waliomo wakatoka wazima. Pasipo na hizo, kanuni za kimataifa zinataka eneo la usalama lililosawazishwa baada ya mwisho wa ranwei, kwa viwanja vya ndege kubwa angalau mita 90 na inashauriwa 240. Ndo maana nasema watu wanaojenga na kulima mpaka kwenye uzio wa uwanja waambiwe ukweli lile eneo ni la nini, sio shamba lililolala.

Mi ni mama mfanyabiashara, napanda ndege Mwanza Dar mara kwa mara. Siku moja ndege ilianza mbio ikafunga breki ghafla, tukarudi. Watu waliogopa, wengine wakagoma kupanda tena. Sisi abiria tufanyeje?

Dada, pole kwa mshtuko, na hongera mlikuwa na marubani wazuri. Kukatisha kuruka hutokea kama mara moja katika mbio 3,000, na nyingi ni mapema kabisa kwenye spidi ndogo, taa fulani imewaka, mlango umeonyesha haujafunga, ndege nyingine imeingia ranwei. Rubani aliyesimama mapema amekufanyia kile nilichokuwa nakiomba ukurasa mzima huu, kwa hiyo ukimwona mlangoni usimnunie.

Ukiwa ndani, mkanda ubane chini kwenye nyonga tangu ndege inapoanza kutembea, sio ikiwa angani. Ikisimama ghafla baki umekaa, usikilize wahudumu, maana breki zinaweza kuwa zimechemka na ukitoka kiholela upande mbaya unakwenda kusimama pembeni ya gurudumu la moto. Wakisema tokeni, tokeni, acha kila kitu. Najua kwenye ule mkoba kuna hela za mzigo wa Kariakoo, weka pesa na simu mwilini kabla hujapanda ili siku hiyo usiwe na sababu ya kugeuka kufungua kabati la juu. Na ukipata kiti cha dirishani nyuma ya bawa, kabla hamjaingia ranwei angalia ukingo wa nyuma wa bawa karibu na ncha. Utaona kibapa kinapanda kinashuka.